Ng'ombe Wako Salama

Binti yangu aliponiomba nimmalizie fomu kumi na nane za utafiti wake, nilipaswa kukataa. Ningesema tu, "Nkerai, kazi hii siiwezi," naye angenung'unika kidogo, angetafuta njia nyingine, na mambo yangeishia hapo. Nilikubali. Nilikubali hata kabla hajamaliza kueleza, nikanyoosha mkono nikachukua folda mezani kama mtu aliyekuwa akiisubiri. Na kusema kweli, nilikuwa nikiisubiri.

Yeye ndiye kitinda mimba wetu. Alipofanya mtihani wa kidato cha nne mimi nilikuwa nimeshastaafu, nakaa hapa Kitengela kwenye ploti yetu, mke wangu akifuga kuku nyuma ya nyumba na mimi nikisoma kila gazeti lililofungiwa kitu kutoka dukani. Siku ambayo serikali ilituma ujumbe wa nafasi za vyuo vikuu, alikuja na simu mkononi akasema amechukuliwa kusomea kilimo biashara. Mimi nilikuwa nimetarajia udaktari wa mifugo, kwa sababu maisha yangu yote ya kazi niliyapitisha nikitembea nyuma ya daktari wa mifugo, nimembebea sanduku la barafu la dawa.

Jirani yetu, mwalimu aliyehamia hapa kutoka magharibi na tunayesali naye kanisa moja, alicheka waziwazi.

"Miaka minne kusomea kuuza sukuma wiki? Si yule mama mboga wa hapo steji hajaenda chuo na anauza?"

"Mwalimu, ushawahi kumwona jioni akimwaga ile imekauka?" binti yangu akamuuliza.

"Kila siku."

"Basi hiyo anamwaga ndiyo naenda kusomea."

Mwalimu akaomba chai nyingine. Mimi nililala na jibu hilo. Lilikuwa ni jibu la mtu aliyetazama kitu ambacho sisi wengine tulikipita kila jioni tukikunja suruali ili tusichafuke.

Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, basi. Baada ya hapo niliajiriwa karani katika idara ya mifugo huko Kajiado. Kazi yangu ilikuwa kusimama mwisho wa ule ujia wa mbao wanamopitishwa ng'ombe wakati wa chanjo, na kuandika. Ng'ombe anapita, anadungwa, naandika. Niliandika miaka zaidi ya thelathini. Siku zote nilijihisi kama mtu aliyesimama mlangoni mwa nyumba anayosikia watu wakizungumza ndani. Daktari alikuwa akiongea na wageni kutoka chuoni, wakitumia maneno, na mimi nikiandika idadi.

Kwa hiyo binti alipoanza kurudi nyumbani likizo na madaftari yake, nilikuwa nayasoma akitoka. Pale niliposhindwa kuelewa niliweka njiti ya kiberiti kati ya kurasa, nikiwa na nia ya kurudia baadaye. Likizo moja nilisahau kuzitoa.

"Papa, hizi njiti ni za nini?" aliniuliza, ameshika daftari linalomwaga njiti.

"Ni maswali."

Alizihesabu. Zilikuwa kumi na moja. Akavuta kiti, akakaa, akafungua kwenye ya kwanza. Tulikaa pale mpaka kuku walipoanza kuingia bandani wenyewe.

Toka siku hiyo ikawa desturi yetu. Alinifundisha mnyororo wa thamani, ambao kwa maneno yake ni mikono yote ambayo kitu kinapitia toka kwa aliyekizalisha hadi kwa anayekitumia, na kila mkono unaongeza nini na unachukua nini. Nilidhani ninaijua safari ya ng'ombe. Kumbe nilijua mwanzo wake tu. Nilimuuliza ngozi inakwenda wapi, akasema hajui, twende tukaulize. Tukaenda kichinjioni, mzee na msichana, tukasimama nje ya lango tukiuliza watu maswali hadi wakatuzoea. Tulijua ngozi inakopelekwa, na kwato, na damu. Kijana mmoja mwenye buti za mpira alitueleza kuwa kuna watu wananunua kijiwe kinachopatikana mara mojamoja ndani ya nyongo, na kwamba wachinjaji wanakitafuta kwa vidole kila siku bila kukosa. Mimi niliyewaandika ng'ombe maelfu sikuwa nimewahi kusikia kwamba nyongo ina kijiwe. Nilifurahi wiki nzima. Nilimsimulia mpaka mwalimu jirani.

Katika mwaka wake wa mwisho alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe, akauandike, na bila huo hapati shahada. Ukame ulikuwa umepita karibuni na ulikuwa umetumaliza. Redio ilikuwa imetangaza mapema kwamba mvua haiji. Wanunuzi walikuwepo. Hata hivyo watu wengi walikaa na ng'ombe wao mpaka wakaanguka. Swali la binti yangu lilikuwa hilo: kwa nini mfugaji anayejua kuwa ukame unakuja hauzi mapema? Mhadhiri wake, mama mmoja mpole waliyemwita Daktari, ambaye nilikuja kukutana naye, alimwambia ni swali zuri mradi alijibu kwa kuuliza watu na si kwa kukisia.

Alichagua maboma arobaini kati ya Isinya na Kajiado, mengine mbele kidogo kuelekea njia ya Loitokitok. Aliyachagua kwa kura. Aliandika kila boma kwenye kikaratasi, akavikunja, akavitia kwenye sufuria la ugali, na mama yake ndiye aliyechota.

"Kwa nini nisichote mimi?" nikauliza.

"Wewe unajua watu, Papa. Mkono wako utatafuta marafiki."

"Na arobaini watasemaje kwa niaba ya wote?"

Alianza kueleza, nikamkatiza. Nilimwambia hiyo naijua. Tulikuwa tukitoa damu ya ng'ombe wachache tu katika kundi na kujua kama ugonjwa umeingia, ila lazima usichague wale wanene. Alinitazama, akaandika maneno yangu kwenye daftari lake. Sijawahi kuwa na fahari kama ya siku hiyo, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kujiona na mimi niko chuoni.

Kulikuwa na ugumu mmoja, na yeye aliujua kabla ya mhadhiri wake. Fomu iliuliza: una ng'ombe wangapi sasa, na ulikuwa na wangapi kabla ya ukame? Kwetu humuulizi mtu ana ng'ombe wangapi. Si kwamba ni siri. Ni kama kumvua mtu nguo mbele ya watoto wake, tena wengine wanaamini ukiwataja kwa idadi unawaitia balaa. Wakati wa chanjo mimi niliweza kuandika kwa sababu sikuuliza, nilitazama wakipita. Na tena, hata ukiuliza, jibu si jepesi. Katika boma moja kuna ng'ombe wa baba, wa mke aliyepewa kukamua, wa kijana aliyetahiriwa, na wa rafiki aliyeko mbali ambaye amemwachia tu awatunze. Wa kwake mwenyewe wengine wako kwa watu.

Binti yangu alibuni njia yake. Hakuuliza idadi kamwe. Alikaa, akanywa chai, kisha akasema, "Niambie waliokamwa leo asubuhi." Mtu wetu hamjui ng'ombe kwa namba, anamjua kwa rangi yake, pembe zake na mama yake. Basi mwenye boma angeanza: yule mwekundu mwenye paji jeupe, binti yake, yule wa kijivu aliyevunjika pembe. Binti yangu alikuwa akichora vijistari nyuma ya fomu. Mke wa boma angeongeza waliosahauliwa, na madume na ndama. Mwishoni, kwa sauti ya chini, aliuliza, "Na nani hayuko?" Hakusema waliokufa.

Nilimsindikiza kwenye maboma mawili. Katika la pili nilimwona mwanamume mzima, mwenye kelele nyingi sokoni, akifika kwa ng'ombe wa saba kati ya wasiokuwepo na kujivutia kofia usoni, akaendelea kutaja kutoka ndani ya kofia. Boma moja lilichukua nusu siku. Kwa hiyo sikuweza kusema baadaye kwamba sikujua kazi ilivyo.

Alimaliza maboma ishirini na mawili. Kisha muhula ukafunguliwa, masomo ya darasani yakamngoja, na muda wa kuwasilisha ukabaki mfupi. Ndipo alipoweka folda mezani.

"Papa, unaweza kunisaidia? Lakini usiharakishe. Ukipata hata maboma matano vizuri, yatosha. Nitaandika kuwa mengine sikuyafikia. Inaruhusiwa."

Namkumbusha msomaji maneno hayo kwa sababu mimi nayakumbuka kila siku. Yatosha. Inaruhusiwa. Mimi nikasema, "Zote kumi na nane. Niachie."

Boma la kwanza nilikwenda kwa pikipiki mpaka lami inapoishia, kisha kwa miguu, udongo mweusi ukinishika viatu. Mwenyeji alikuwa mtu wa rika langu. Tulitahiriwa msimu mmoja. Tulisalimiana inavyotakiwa.

"Watoto wako salama?"

"Salama."

"Ng'ombe wako salama?"

"Salama."

"Na wako?"

"Salama tu."

Tukanywa chai. Tukazungumza kuhusu kisima cha shamba la maua, kuhusu chifu, kuhusu watu wanaonunua ploti na kuzungushia waya. Mara tatu nilifungua mdomo niseme, "Niambie waliokamwa leo asubuhi," na mara tatu niliona nitakavyoonekana: mzee wa rika moja naye, na kalamu, nikichora vistari mgongoni mwa karatasi. Msichana wa chuo anaweza kuuliza kitu hicho na watu wakasema ni mtoto, anajifunza. Mimi sikuwa mtoto. Niliaga nikaondoka. Nilipofika nyumbani nilikaa mezani, nikakumbuka chanjo ya mwisho niliyoandika katika boma lile, nikatoa wachache kwa ajili ya ukame, nikajaza.

Ajabu ni kwamba halikuniuma. Nilijiambia kuwa nimetumia elimu yangu. Nani anayewajua ng'ombe wa Kajiado kuliko mimi? Niliandika kwa mwandiko wangu bora, ule wa ofisini, na kila kisanduku kikajaa. Boma la pili nikafanya vilevile. Baada ya boma la sita sikwenda tena. Wengine nilikutana nao siku ya mnada, wengine kwa simu, wengine barabarani Isinya. Ng'ombe wako salama? Salama. Narudi, najaza.

Mmoja wao alikuwa rafiki yangu mkubwa. Zamani nilimpa dume la ng'ombe, naye akanipa lake, na kwa desturi yetu watu waliopeana hivyo hawaitani tena kwa majina. Tunaitana pakiteng, kila mmoja amwite mwenzake hivyohivyo, hadi kufa. Nilikutana naye Isinya, nje ya duka la dawa za mifugo, ameshika fimbo tu, hana mfuko. Nilimuuliza ng'ombe, akasema salama. Sikujiuliza mtu anatoka vipi duka la dawa mikono mitupu. Mimi niliyesimama kichinjioni kuuliza juu ya kijiwe cha nyongo sikujiuliza hilo. Chanjo ya mwisho alikuwa na sabini na mmoja. Niliandika sitini na wanne.

Binti yangu alipokuja kuchukua folda aliigeuza fomu moja, kisha nyingine.

"Vistari viko wapi, Papa?"

"Viko kwenye daftari langu."

"Utanipa hilo daftari?"

"Siku nyingine."

Hapakuwa na daftari. Aliniamini. Hakuniuliza tena, kwa sababu hakuwahi kuwa na sababu ya kuniuliza jambo mara mbili.

Wiki kadhaa baadaye alipiga simu na sauti yake ilikuwa juu. Mhadhiri alikuwa amesoma sura ya matokeo na kuona kitu cha ajabu. Katika maboma ishirini na mawili, ng'ombe walikuwa wamebaki robo, pengine chini ya hapo. Katika maboma kumi na nane, karibu wote walikuwa hai. Ukame mmoja, nyasi zilezile, watu walewale.

"Papa, umetuletea kitu kikubwa. Daktari anasema kuna jambo hawa watu walifanya, na hakuna aliyeliandika. Anataka tuje tuone. Anasema tukilijua, ataomba kazi iendelee na mimi nitakuwa msaidizi wake. Hata nikimaliza digrii."

"Atakuja lini?"

"Ijumaa. Tutaanza na boma la pakiteng wako, kwa sababu lina wengi."

Nilikuwa na siku tatu za kusema. Nilifikiria kumpigia rafiki yangu, lakini ningemwambia nini? Nilifikiria kumpigia binti. Nitasema ukweli: kuna saa ambayo nilianza kujiuliza, je, labda ni kweli? Labda kuna kitu walifanya. Udadisi wangu mwenyewe ulinidanganya. Nilitaka kujua siri ya kundi nililolibuni.

Ijumaa walinipitia kwa pikapu, mhadhiri mwenyewe akiendesha. Alikuwa ametoka nyumba ya wakulima, alijua kutazama shamba. Njiani aliniuliza maswali mengi mazuri kuhusu chanjo na malisho, nami nilijibu yote, na nikajisikia mtu. Tulipofika, niliona kabla hatujasimamisha gari. Ndani ya uzio wa miiba, pale ng'ombe wanapolala, majani yalikuwa yameota. Majani hayaoti mahali ng'ombe wanalala.

Rafiki yangu alitoka. Binti yangu aliinamisha kichwa, naye akamwekea kiganja utosini. Alimsalimia mhadhiri, akatuletea madumu ya kukalia kwenye kivuli cha ukuta wa nyumba. Kisha akanivuta kando kidogo, akaniuliza kwa Kimaa wanataka nini.

"Wanataka habari za ng'ombe."

"Umewaambia nini?"

"Kwamba wako salama."

Hakuwa na hasira. Alirudi akakaa juu ya dumu lake, akaweka fimbo kati ya magoti. Binti yangu alimwomba, kama alivyozoea, ataje waliokamwa asubuhi ile. Naye akaanza kutaja.

Alitaja kama mtu anayesoma. Mweusi mwenye tumbo jeupe. Dada yake. Yule wa rangi ya majivu, mama wa mapacha. Mwekundu mwenye sikio lililokatwa, binti yake, na binti wa binti. Hakusita wala hakurudia. Binti yangu alichora vistari, alikuwa akitabasamu, mhadhiri akitazama vistari vikiongezeka. Mimi niliwajua ng'ombe wale. Niliwaona kila mmoja akipita kwenye ujia wa mbao. Alikuwa akinifichia aibu kwa kuwataja wafu wake mmoja mmoja mbele ya wageni, na mimi nilikaa kwenye dumu nikamwacha aendelee.

Alipomaliza, binti yangu alimgeukia mke wa boma, aliyekuwa amesimama mlangoni na kikombe. Akamuuliza kwa Kimaa, kwa ile sauti yake ya chini, "Na nani hayuko?"

"Hao," mama akasema. "Hao wote ndio hawako, mtoto wangu. Waliobaki ni wanne na punda. Amekwenda nao binti yetu kisimani."

"Anasema nini?" mhadhiri akauliza.

Binti yangu alifunika kalamu. Angeweza kutafsiri vingine. Mhadhiri hakujua neno la Kimaa, na mbele yake palikuwa na karatasi yenye vistari zaidi ya sitini, vinavyokubaliana na fomu. Nilimwona akitazama majani ndani ya uzio, akitazama vistari, kisha akanitazama mimi.

"Anasema hao wote walikufa," alisema kwa Kiswahili. "Daktari, hii fomu haikujazwa hapa. Nafikiri hata zile zingine. Papa?"

"Ni mimi," nikasema. "Zote kumi na nane."

Mhadhiri aliniambia, bila ukali, "Mzee, si ungeandika tu 'sijauliza'. Hata hiyo ni jibu. Tungeitumia."

Walipokuwa wakitembea kwenda kwenye gari, mimi na rafiki yangu tulibaki nyuma. Nilitaka kujitetea kwa mtu mmoja angalau.

"Pakiteng, mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza."

"Nilikuuliza. Pale Isinya. Nilisema ng'ombe wako salama?"

"Hiyo ni salamu," akasema. "Na mimi nilikujibu salamu."

Binti yangu aliandika barua mwenyewe kwa idara, akaeleza kwamba sehemu ya takwimu zake si za kweli na kwamba kosa ni lake kwa kuwa hakuzihakiki. Hakunitaja. Kazi ilirudishwa. Wenzake walihitimu, yeye akakaa. Alirudia maboma kumi na nane yote, peke yake, nusu siku kwa kila boma, akilala kwa shangazi yake Isinya badala ya kukaa kwetu. Mhadhiri alipopata ile kazi ya kuendelea, alimchukua mwanafunzi mwingine, kwa kuwa wa kwangu hakuwa na shahada bado.

Nakala ya kazi yake iko hapa nyumbani. Alimpa mama yake. Nimeisoma. Katika sura ya nne kuna maneno ya mfugaji ambaye hakutajwa jina, lakini mimi naijua sauti yake. Aliulizwa kwa nini hakuuza mapema, akasema: "Nilikuwa nimemwambia kila mtu kwamba ng'ombe wangu wako salama. Ukishasema hivyo, utawapeleka vipi mnadani mbavu zikiwa nje?" Lilikuwa ndilo jibu la swali lake lote. Lilikuwa pale nje ya duka la dawa, mikononi mwa mtu niliyemjua miaka arobaini, na ningelipata kama ningekaa naye nusu siku. Baadaye nilikwenda nikakaa naye. Aliwataja tena, wote, na nani alitangulia na nani alifuata na mmoja aliyesimama siku tatu akikataa kulala chini. Nilijifunza mengi siku ile ambayo hayana tena mahali pa kuandikwa.

Sasa binti yangu anafanya kazi katika kaunti nyingine, kwenye kampuni ya vyakula vya mifugo. Si kazi mbaya, ila si ile aliyoitaka. Hunipigia kila Jumapili baada ya ibada. Ananiheshimu, ananiuliza miguu na presha. Nami humsimulia habari za huku. Wiki iliyopita nilimwambia mvua imenyesha Isinya, nyasi zimeanza kuota. Akasema vizuri, Papa. Tulipokata, simu ya mama yake ikalia jikoni. Mlango ulikuwa wazi, nikamsikia mke wangu akijibu, "Ndiyo, imenyesha. Ndiyo, hata mimi nimeiona."

Kukubali kwangu kulimgharimu yeye mwaka mmoja na kazi aliyoipenda. Mimi kumenigharimu hili: mtoto wangu haamini tena ninachomwambia mpaka amuulize mtu mwingine.